Ulimi Mweusi

Tangu wahamie shamba lile, uvumi ulimkaa mama kooni kama mwiba wa samaki: matunda ya mti ulio nyuma ya zizi huua, na huanza kwa kuusawijisha ulimi. Asubuhi moja alipoufuata mti huo na shoka, alimkuta bintiye juu, anatafuna.

"Toa ulimi!"

Ulikuwa mweusi tii.

Shoka likamponyoka. Akashika tawi asianguke, na jani likamjaa kiganjani, vidole vitano kama mkono wa mtoto. Kumbe mfuru, mti wa matunda meusi matamu! Kama ule wa kwao, enzi za marehemu mama yake aliyewakagua wanawe ndimi nyeusi wakitoka machungani: "Mmenimalizia furu, mafisi nyie!"

"Nitakufa, mama?"

"Shuka, mwanangu, unisikilize. Usile mbichi. Usimeze kokwa. Usikanyage tawi kavu. Shoka lisikaribie hapa. Na usinimalizie."