Kima Asiyejua Kuachia

Kima alitaka kuteleza juu ya mawimbi kwa tiara na ubao, kisha aruke na kuzunguka mara mbili angani. Mwalimu wake, Kasa, alimfunga kamba za tiara kwenye mkanda wa kiunoni.

"Ukivuta mpini huu wa tiara, unapanda. Ukiogopa, achia."

"Mwalimu, ukoo wetu hauachii kitu."

Upepo ukamnyanyua. Akaogopa, akavuta, akazidi kupanda.

"Achia, mwanangu."

"Nitaanguka."

"Haya, wasalimie Pemba."

Hapo kiroboto akamuuma kwapani. Kima akajikuna kwa mikono miwili, tiara ikalegea, akatua taratibu.

Wenzake waliokuwa wakitazama ufukweni wakampigia makofi. "Mtindo huo unaitwaje?"

"Huo mgumu," alisema Kima. "Nitawafundisha kesho."

Kasa alimwita kiroboto kando, akamwomba awe mwalimu msaidizi.