Glasi Mbili Zilizofunikwa

Katika baa ya Mama Mwandale, mteja akitoka kidogo hufunika glasi yake juu ya kaunta, na hakuna wa kuichukua nafasi yake mpaka arudi. Glasi ya Lugendo ilifunikwa siku aliyogombana na baba yake, Mzee Chiduo, akaondoka mjini akisema, "Hasira zikiisha, nitakukuta hapa hapa."

Sasa tingatinga lililokuja kuibomoa baa lilinguruma mlangoni, na viti vilikwisha kutolewa nje.

"Mzee wangu, ichukue glasi yake ukamtunzie nyumbani," Mama Mwandale alimsihi.

"Nyumba gani? Ile aliyoijua ilishabomolewa. Mwanangu anapajua hapa tu, mama. Hapa tu!" Mzee Chiduo alimjibu.

"Babu, toka!" dereva alipiga kelele. "Siku hizi bia inanywewa ghorofani!"

Mzee Chiduo alimalizia funda la mwisho. Akaifunika glasi yake kando ya ile ya mwanawe, akatoka. Hakwenda mbali. Alisimama mbele ya lile tingatinga, akaligeuzia mgongo, akakaza macho barabarani, kama mteja aliyetoka kidogo.