Nakala Mbili za Mama Sindano

Bibi harusi alisimama mbele ya kioo, vidole havionekani, machozi yanamtiririka. Gauni lake lilikuwa limeshonewa mikono ya koti la bwana mmoja, pande la mtu.

"Mimi simo," mkataji akajitetea, mkasi mkononi. "Nimekata nilichokiona kwenye kompyuta."

Kweli kabisa. Programu ya kuchorea mishono ilikuwemo mara mbili. Mama Sindano, mwenye karakana, aliipakua kutoka duka la mtandaoni. Mwanawe, anayefanya kazi mji wa mbali, akamwekea nyingine kwa flashi, eti ile ya dukani ni ya kitoto. Alama ileile, jina lilelile. Mama akichora huku, mkataji anafungua kule na kukuta vipimo vya mtu mwingine. Raha iliyoje!

Lakini ndivyo alivyo Mama Sindano. Akiumwa jino, huenda kwa madaktari wawili, na hakuna anayeambiwa habari za mwenzake. "Mtu mmoja atakudanganya," husema.

Sasa kwenye kiti alikaa Mtaalamu, fundi kompyuta wa mtaa, na begi lenye nyaya za kutosha kumfunga ng'ombe.

"Jamani, mama! Nani alikushauri uweke mbili?"

"Wewe tengeneza tu, baba. Humo mna michoro yangu yote tangu nifiwe na mume wangu. Ndiyo iliyosomesha wanangu. Kwingine sina nakala, naogopa mno."

"Ondoa shaka. Umempata mwenyewe."

Kwa hilo apewe haki yake: alihamisha michoro mpaka nakala zote mbili zikalingana, akamwonyesha mama kila gauni na kila koti, huku na kule. Ndipo akaamuru ile ya flashi iondolewe. Kompyuta ikauliza kama ifute na kazi zilizomo.

"Futa! Hatufugi takataka hapa," akaiambia, akabofya. "Kila kitu kimo kwenye ile nyingine."

Mstari wa kijani ukaanza kujikongoja kwenye kioo cha kompyuta. Mtaalamu akaupa mgongo ili atoe mhadhara. Kitu kimoja, njia moja! Watu hawasikii! Wangemuuliza yeye mapema, dunia ingekuwa imenyooka. Mama Sindano akaitikia "naam, naam," macho kwenye simu, kidole kikiandika.

"Mbona kishale kinatembea chenyewe?" mkataji akauliza.

"Vumbi kwenye kipanya," akajibu Mtaalamu bila kugeuka. Wataalamu hawageuki.

Mstari ulipofika mwisho alikuwa ameshafunga begi. Simu ya mama ikaita, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama!" Mwanawe alikuwa na furaha tele. "Nimeingia kwenye kompyuta yako nikiwa hukuhuku, kama ulivyoniomba asubuhi. Ile ya dukani nimeiondoa na makorokoro yake yote. Usijali, kila kitu kimo kwenye ile nyingine."