Rimu za Mama Upendo

Siku hizi gari linausoma moyo wa aliyepanda. Usipotaka kufika unakokwenda, linafunga breki lenyewe kila baada ya hatua chache, na rimu zinarudi nyeusi tii kwa vumbi la breki.

Elirehema alirudi kutoka ukweni Jumamosi mchana, akachuchumaa uani haraka kabla mkewe hajatoka jikoni. Akapulizia siki, akasubiri vumbi la breki lilainike, akasugua kwa brashi. Likang'ang'ania kama masizi ya sufuria.

"Baba Upendo, mama yangu hajambo?" mkewe Ndeshi aliuliza kwenye dirisha la jikoni, akicheka.

"Hajambo kabisa! Njia nzima nilikuwa na hamu naye!"

Papo hapo brashi ikamkatikia mkononi. Akacheka peke yake, akaenda stoo kutafuta nyingine. Akalipita gari la mkewe, linalompeleka kwenye kazi anayoipenda na kumrudisha nyumbani, si kwingine. Rimu zake ziling'aa, kama kawaida. Elirehema hujisifia hilo kwa majirani: mke wangu anapenda kurudi kwake.

Stoo, nyuma ya ndoo, ndani ya soksi kuukuu, akakuta brashi asiyoijua. Ilikuwa nyeusi, imelika hadi kwenye ubao, na bado imelowa siki.

Akairudisha ndani ya soksi taratibu, akaenda kumalizia kwa kitambaa.