Mkono wa Diwani

Kimya kingi hakina mshindo wowote, kina makaburi tu. Kwa hiyo Kokubanza alisimama mbele ya madiwani wa Muleba, akaeleza jinsi zahanati ilivyomhoji kuhusu mimba yake huku akivuja damu.

"Niliitoa au ilitoka yenyewe, damu ilikuwa ile ile."

Mwenyekiti akaitisha kura: mwanamke wa namna hiyo atibiwe kwanza, asihojiwe. Mikono ikanyooshwa. Ulipungua mmoja tu ili hoja ipite.

Ndipo ukapanda, polepole, mkono wa diwani aliyemzaa Kokubanza, vidole vyeusi kwa utomvu wa migomba. Hoja ikapita. Kokubanza akaanza kutoka.

Mlangoni baba akamnong'oneza, "Mkono nimekupa, mwanangu. Lakini umenivua nguo mbele ya parokia yetu nzima. Omba radhi."

"Siombi radhi, Tata."