Alama za Meno kwenye Bomba

Fundi alikikataa chombo kizuri kwa mara ya tatu.

"Hiki kinaukunja mdomo wa bomba la breki mara mbili," muuza duka alimweleza, akikisogeza tena juu ya kaunta. "Breki za gari la zamani zinataka mdomo wa namna hii. Ukanyage utakavyo, haupasuki."

"Najua, dada. Ninacho cha aina hiyo, na hakiguswi na mtu mwingine. Nipe kile cha chini."

Cha chini kilikuwa cha bei rahisi, kile kinacholibana bomba kwa meno na kuutanua mdomo mara moja tu, basi. Muuza duka akakitoa bila haraka. Duka lake lilijaa vyuma mpaka panya walipita kwa kuombana njia, lakini kile alikijua kilipo hata akiwa amefumba macho.

Hakuwahi kumwona mzee huyu, ila alimtambua mara tu alipotaja gari. Mji mzima ulikuwa na habari. Gari la zamani, mteremko wa kuelekea sokoni, breki hakuna, mke wa fundi kafa papo hapo. Wiki ilikuwa haijaisha. Wenye midomo yao walishaanza kuuliza ni fundi gani huyo anayempandisha mkewe gari bovu.

"Pole na msiba, fundi."

"Nimeshapoa," alijibu. Hakuwa amepoa hata kidogo. Vifungo vya shati alikuwa amevifunga kombo, na aliyekuwa akimrekebisha hakuwepo tena.

Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha bomba, urefu wa kidole, mdomo umepasuka upande mmoja. Chini ya ufa kulikuwa na mistari minne midogo iliyoachwa na meno ya chombo.

"Mkaguzi wa polisi anacho kipande kingine cha bomba hilihili la gari," alisema. "Kesho asubuhi anakuja gereji kupekua masanduku yetu yote. Atakayekutwa na chombo chenye meno kama haya, kesi ni yake. Na hiyo ni jela, dada, si mchezo."

"Kwani hamjui nani alifunga hizo breki?"

"Lile gari nililiweka pembeni bila kulimaliza, huu mwaka wa pili. Mke wangu kila siku ananikumbusha, mimi kila siku kesho, kesho. Kuna mtu akanimalizia matengenezo. Sasa tuko watano pale, na hakuna anayefungua kinywa."

Akaomba jiriwa ya kubania vyuma. Akalibana bomba jipya kwa kile chombo rahisi, akazungusha mpini. Hata kwa takataka ile, mdomo ulitoka mviringo safi. Fundi akautazama kwa hasira, akaukata, akautupa. Mara ya pili hakupitisha tupa kulainisha ukingo, akaacha makali yalivyo, akakaza harakaharaka. Ukapasuka. Akarudia. Ukapasuka tena, palepale.

Muuza duka alimwonea huruma. Alidhani mzee anataka kuona kwa macho yake jinsi mkewe alivyouawa.

Fundi akaviweka vile vipande viwili sambamba, kipya na cha kwenye kitambaa. Mistari minne kwa minne.

"Ndicho hiki," alisema. "Umeshauza vingapi?"

Swali hilo ndilo muuza duka alilokuwa akiliogopa tangu mzee aingie.

"Kimoja."

"Aliyenunua ulimwona vizuri?"

Alimwona vizuri sana. Mwezi uliopita msichana mwenye ovaroli ya bluu alisimama palepale, akakishika kile chombo kizuri, akakirudisha. Alisema akicheka kwamba cha namna hiyo anacho mzee mmoja, ila ukikigusa atakutoa roho. Akauliza kama hiki rahisi kitafaa kwa breki. Muuza duka akamjibu ndiyo, kinatosha. Hakujua kama kinatosha. Alitaka tu kile chuma kimwondokee rafuni, kilikuwa kimekaa miaka. Tangu asikie ajali ile, neno hilo hakulisema kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe.

Sasa akamtazama mzee mwenye vifungo kombo, aliyefiwa na mke, na akaona kunyamaza ni dhambi ya pili. Akapiga moyo konde.

"Ni msichana," alisema. "Mrefu, mcheshi. Ana kovu la moto kiganjani, hapa. Ukimpata utamjua kwa hilo kovu."

Fundi hakushtuka. Alikunja kitambaa chake polepole, kona kwa kona.

"Alikuwa na miaka minne," alisema. "Alishika jiko la mkaa. Mama yake alimbeba mgongoni hadi hospitali, pekupeku, na mimi niko chini ya gari la mteja."

Muuza duka akamkumbuka yule mzee aliyetajwa na msichana, asiyetaka chombo chake kiguswe.

Fundi akachota grisi ukingoni mwa jiriwa, akakipaka chombo kipya, kisha akakigaragaza kwenye vumbi la sakafu mpaka kikaonekana cha siku nyingi. Akakitia mfukoni.

"Binti yangu chake ameshakitupa. Mkaguzi akija kukuuliza, dada, msichana hukumwona. Uliniuzia mimi, mwezi uliopita. Na ukaniambia kinatosha, kama ulivyomwambia yeye."