Shule Juu ya Duka la Magodoro

Mlalamikaji hakuruhusiwa kuingia chumbani. Mkaguzi wa mitihani alimwonyesha mlalamikaji huyo, mwalimu mkuu wa shule nyingine, benchi la koridoni, akamwambia kwa upole, "Wewe kaa hapa, mzee. Nikikuhitaji nitakuita."

Mwalimu mkuu akakaa shingo upande. Korido nzima ilinuka sponji mpya. Chini kulikuwa na duka la magodoro, na kila lori liliposhusha mzigo, vioo vya madirisha vilitetemeka. Hii ndiyo shule iliyomshinda! Vyumba viwili, ngazi nyembamba, na choo cha kuchangia na wauza magodoro.

"Labda walikuwa wanasoma wamelala," alimtania mkaguzi walipokuwa wakipanda ngazi. Mkaguzi hakucheka.

Yeye mwenyewe hakuwa na raha ya kucheka. Tangu matokeo ya mtihani wa mwisho yatoke, na magazeti kuzipanga shule kwa wastani wa alama, usingizi ulikuwa umempaa. Miaka yote shule yake ilikaa juu kabisa. Safari hii ilikuwa ya pili, na juu yake kilikaa kishule cha jioni ambacho hata watu wa mtaa huo walikuwa hawakijui. Mwenye shule, bosi wake, alimpigia simu asubuhi ileile ya matokeo. Hata salamu hakutoa.

"Namba moja isiporudi, na wewe unaondoka," alisema, akakata.

Ndipo mwalimu mkuu akapeleka malalamiko. Watu hawaibuki hivihivi kutoka gizani, alisema. Hapa pana mkono wa mtu. Mkaguzi akaamua jambo moja rahisi: watahiniwa wote wa kishule hicho waitwe, wapewe maswali mapya, wayafanye mbele ya macho yake.

Mlango ulifunguliwa, akatoka mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, akiburuta kiti chake. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye kishule hicho, mwalimu wake, na mfagiaji wake pia. Naye alikuwa ametolewa nje.

"Karibu, mwalimu. Nikupatie chai?"

"Sikuja kunywa chai, mama."

"Najua ulichokuja kufanya."

"Haya, kama unajua, nieleze. Wanafunzi wenye akili namna hii unawaokota wapi?"

"Siwaokoti. Wanaletwa na wazazi wao." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Tena wengi walikuja wanalia. Mwaka mzima kazi yangu kubwa ilikuwa kuwabembeleza."

"Kubembeleza hakumpi mtoto alama za juu kwenye hesabu."

"Hesabu walikuja nayo."

Mwalimu mkuu akamkazia macho. Walikuja nayo! Alikuwa amesimamia mitihani maisha yake yote; mtu aliyeponyokwa na neno alikuwa akimjua. Yule mama naye, kama aliyeshtuka, aliirudisha miwani usoni na kuangalia pembeni.

Kisha, kutoka nyuma ya mlango, kikasikika kitu kilichomfanya anyanyuke kwenye benchi.

Ko, ko.

Kidole kwenye meza. Baada ya muda kidogo, kingine: ko, ko. Halafu huku na kule, chumba kizima, kama mvua inayoanza juu ya bati.

Mtindo huo aliubuni mwenyewe. Kabla ya kuandika jibu, mwanafunzi wake hugonga meza kwa kidole, akalisoma swali upya, ndipo kalamu iguse karatasi. Hakuna shule nyingine iliyokuwa ikifanya hivyo, na walimu wake aliwakataza kuusema nje. Mara moja akamkumbuka mwalimu wake kijana wa hesabu, yule anayeaga mapema kila jioni, anayepokea simu akiwa ameugeukia ukuta. Kumbe! Mla naye sahani moja ndiye aliyekuwa akimwibia.

Aliusukuma mlango, akaingia.

"Umesikia, mkaguzi? Umesikia kwa masikio yako? Huo ugongaji ni wangu! Haufundishwi popote ila kwangu!"

Viti vilikwaruza sakafu, wanafunzi wakasimama. "Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, marahaba, kaeni," alijibu bila kuzitazama nyuso zao. Alikuwa akiviangalia vidole.

"Mzee, nilikwambia usubiri," alisema mkaguzi. "Maswali ni mapya, nimeyatunga mwenyewe jana. Na hawa wanayajibu."

"Wanayajibu kwa mbinu ya wizi! Waulize nani aliwafundisha. Huyo mtu nataka afukuzwe. Asishike chaki tena. Andika hivyo, mkaguzi, andika kwamba nimesema mimi."

Mkaguzi aliandika. Kisha akamgeukia msichana wa mstari wa mbele, mwembamba.

"Haya, binti. Usiogope. Nani aliwafundisha kugonga meza?"

Msichana alimtupia jicho mama wa miwani, ambaye sasa alikuwa amesimama kizingitini. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayemsihi asiseme.

"Mmemwona?" Mwalimu mkuu alimnyooshea kidole. "Mmemwona anavyomziba mdomo mtoto? Sema, binti! Sema wazi, wote tusikie!"

Msichana akaweka kalamu chini.

"Ni wewe, mwalimu. Miaka mitatu ulitufundisha, mpaka ulipotuita ofisini mmoja mmoja, ukatuambia tukatafute shule nyingine, tusije tukakushushia wastani."